Sarafu ya kijani niliyoikalia miezi 16

Niliiona kwa mara ya kwanza Novemba 2020, Jumatatu asubuhi, nikiandaa droo ya fedha kabla wateja hawajaingia. Hapa Melbourne, Australia, sarafu za dola moja hutoka benki zimeviringishwa kwenye karatasi, 20 kila furushi, na keshia huligonga furushi kwenye ukingo wa droo kama anayepasua yai. Nikaligonga, zikamwagika. Nyingi zilikuwa zile tulizozizoea, za rangi ya dhahabu, kangaruu watano wakiruka. Moja ilikuwa na jicho la kijani.

Nikaiokota nikidhani ni ya bandia. Katika miaka yangu mitatu pale kaunta nilikuwa nimeshaona noti za kuchezea watoto na sarafu za nchi jirani zikipenyezwa kwenye chenji, kwa hiyo nilimpelekea bosi wangu, mzee wa Kivietinamu aliyefungua duka hilo la vyakula mtaani Footscray muda mrefu kabla sijafika nchi hii. Akaisogeza karibu na miwani yake, akaigeuza.

"Ni halali," akasema. "Hii ndiyo ile ya kutoa."

"Ya kutoa vipi?"

"Ukiipata, unampa mtu mwenye shida."

"Na nikiinunulia mkate?"

"Mkate utapewa. Ni dola kama dola nyingine." Akanirudishia, akaenda kupanga mchicha.

Nikatoa dola yangu mfukoni, nikaitia kwenye droo, nikaichukua ile ya kijani. Sikuichukua ili niitoe, nasema ukweli. Niliichukua kwa sababu ilikuwa nzuri. Katikati yake kuna duara la kijani kibichi, kama jani changa la mgomba, na juu ya kijani hicho kuna miviringo ya dhahabu inayopanuka, mmoja ndani ya mwingine, kama maji ya bwawa ukitupa kokoto. Imeandikwa kwa Kiingereza jina lake, Donation Dollar, na maneno yanayosema: toa kuwasaidia wengine. Ukiigeuza unakutana na uso wa Malkia Elizabeth kama kwenye sarafu zote za nchi hii wakati ule.

Jioni, basi likiwa karibu tupu kwa sababu ya korona, niliisoma habari yake kwenye simu. Kiwanda cha taifa cha sarafu, kilichopo Canberra, kilikuwa kimeitoa tarehe 2 Septemba mwaka uleule, siku tatu kabla ya Siku ya Kimataifa ya Hisani. Walisema hapajawahi kuwa na sarafu ya dola moja duniani iliyobuniwa ili itolewe sadaka. Mpango ulikuwa kutengeneza milioni 25, yaani moja kwa kila mkazi wa Australia, na milioni 3 za mwanzo ndizo zilizokuwa zimeanza kuingia mtaani. Hesabu yao ilikuwa nyepesi: kila mtu akiitoa mara moja tu kwa mwezi, kwa mwaka zinapatikana dola milioni 300.

Mwaka ule watu walikuwa na sababu ya kuombwa. Ulianza na moto wa msituni uliokuwa umeunguza nchi tangu mwisho wa 2019, na moshi wake tulikuwa tumeuvuta sisi wa mjini. Halafu ikaja korona. Melbourne tulifungiwa zaidi ya siku 100 mfululizo, mwisho wa kutembea kilomita tano kutoka nyumbani, na kwa wiki nyingi ikawa saa mbili usiku kila mtu yuko ndani. Sisi wa maduka ya chakula tuliendelea kwenda kazini, na ndiyo maana niliona vitu ambavyo waliokaa ndani hawakuviona. Niliona baba wa watu akirudisha kopo la maziwa ya mtoto kwenye rafu baada ya kuhesabu alichonacho. Niliona foleni nje ya kituo cha kugawa chakula ikiwa ndefu kuliko foleni yetu.

Kwa hiyo nilielewa kwa nini wameileta. Hata hivyo nilipofika nyumbani niliitia kwenye kopo la samli ninapowekea hirizi zangu za kumbukumbu: tiketi ya ndege iliyonileta, picha ya pasipoti ya marehemu baba, kifungo cha sare yangu ya shule. Nikafunika.

Kabla ya kufunika niliipiga picha nikamtumia mama, Tanga. Akanipigia kesho yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Hiyo hela mbona ina jicho?"

Nikamweleza. Nikamsomea maandishi. Alinyamaza kidogo, nikasikia jogoo wa jirani na muuza maziwa akipita na kengele yake.

"Sasa kama imeandikwa ya mwenzio," akasema, "wewe umeiweka kwa kazi gani?"

Nikacheka, nikabadilisha mazungumzo. Lakini neno la mama yangu lina tabia ya kubaki mwilini kama mchanga wa ufukweni. Unaoga, unalala, asubuhi unaukuta kwenye shuka.

Lazima niseme habari ya mama na sarafu, maana bila hiyo simulizi hii haina miguu.

Mama alikuwa na meza ya khanga Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Aliyekulia miji ya pwani anajua Ijumaa inavyokuwa. Tangu asubuhi maskini hupita duka kwa duka, wengine vipofu wakiongozwa na wajukuu zao, wengine wenye ukoma wa zamani, wengine vikongwe tu wasio na mtu. Wenye maduka makubwa, Wahindi na Waarabu, walikuwa na desturi ya kuweka sarafu tayari, na kila anayepita anapata yake bila maneno mengi. Mama hakuwa na duka kubwa, alikuwa na meza. Lakini Alhamisi jioni, kabla ya kukunja khanga, alimtuma mmoja wetu akavunje noti. Tulikuwa tukirudi na shilingi hamsini zenye kifaru na mwanawe, na zile za mia zenye swala. Zikipungua kwa wenye duka tunaongezewa za ishirini na za kumi. Mimi ndiye niliyezipanga kwenye kisahani cha bati chenye maua mekundu yaliyobanduka, na kisahani kikakaa juu ya meza, upande wa kulia, hadi kesho yake.

Nilipokuwa na umri wa miaka kama kumi nilimuuliza: mama, kwa nini tusubiri kuvunja noti, si uwape tu kwenye droo wakija?

Akanijibu akiendelea kukunja khanga: "Fedha ya droo ina mjadala. Ya kisahani mjadala wake uliisha jana."

Nimeishi na jibu hilo miaka zaidi ya ishirini bila kulielewa vizuri. Nililielewa nikiwa kaunta Footscray. Pale mbele yangu, karibu na mashine ya kadi, tulikuwa na kijisanduku cha plastiki cha kukusanyia hela za watoto wagonjwa. Nilikuwa nikiwatazama wateja macho yao yanapokifikia. Mtu anashika chenji yake, anakiona, na hapo ndipo kesi inapofunguliwa kichwani: nina za kutosha? Hizi zitafika kweli? Si nilitoa wiki iliyopita? Mbona wenye nazo hawatoi? Kesi inachukua sekunde mbili, halafu mkono unarudi mfukoni. Siwalaumu. Ni kesi ileile ninayoifungua mimi nikipita mtu aliyelala nje ya stesheni, na mara nyingi hukumu hutoka dhidi yake nikiwa nimeshampita hatua kumi.

Sarafu ya kijani inaifuta kesi hiyo. Ukishaijua, ikiangukia mkononi mwako haikuulizi kama utatoa. Hilo limeshaamuliwa Canberra na limepakwa rangi. Kinachobaki ni swali dogo na jepesi zaidi, la nani. Nikaona kwamba waliobuni sarafu hii na mama yangu wa Ngamiani walikuwa wamegundua kitu kimoja, ila mama alitumia kisahani cha bati.

Kuna waliosema ni mchezo tu wa matangazo. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia serikali ikitaka kusaidia maskini iwape hela, isipake hela rangi. Nilimsikiliza kwa sababu ana haki. Serikali haiongezi hata senti moja juu ya dola hiyo. Anayetoa ni wewe, na dola ni yako. Sarafu haijengi nyumba za watu wasio na makazi, na nisingependa mtu yeyote mwenye madaraka aitumie kama kisingizio. Lakini mwalimu huyo na mimi tulikuwa tunazungumzia mambo mawili. Yeye alizungumzia wajibu wa serikali. Mimi nilikuwa nazungumzia mkono wangu mwenyewe, ambao ulikuwa umefunika kopo la samli.

Baada ya neno la mama nilianza kuzitafuta. Kila niliyoikuta kwenye droo nilitia dola yangu nikaichukua. Nilijiambia nazikusanya ili siku moja nitoe kwa mpigo, kitu cha maana. Maneno mazuri hayo, na nusu yake yalikuwa ya kweli. Nusu nyingine ni kwamba nilikuwa nimezipenda. Niliwaona watu wakizitangaza mtandaoni kuziuza kwa zaidi ya dola moja, nikawahukumu, na huku zangu zinaongezeka koponi: tano, tisa, kumi na nne.

Kilichonishtua ni rangi. Kijani kile kinachakaa kadiri sarafu inavyopita mikononi, na dhahabu iliyo chini yake inazidi kujitokeza. Kufika katikati ya 2021 niliona nyingine zikija zimekwanguka, miviringo imeanza kuungana, mojawapo ilikuwa na ukungu wa kijani tu pembeni kama chai ya mchaichai. Zilikuwa zimefanya kazi, zimepita kwenye ndoo za michango za zimamoto na vikapu vya kanisani, au basi zimenunua mikate na kuendelea na safari. Siku moja nililimwaga kopo langu la samli mezani, nikazipanga kwa mpangilio wa siku nilizozipata. Ile ya kwanza ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote. Kijani kimejaa, hakuna hata mkwaruzo. Niliitazama kwa muda mrefu jioni ile. Katika sarafu zote zilizokuwa juu ya meza, ni hiyo peke yake ambayo haikuwa imemsaidia mtu yeyote.

Hapa niingize jambo la michango yetu, maana ndiko sarafu hizi zilikoishia.

Waswahili tulioko Melbourne tuna umoja mdogo. Wengi wetu ni Watanzania na Wakenya tuliokuja kusoma au kufanya kazi, na miaka ya karibuni wameongezeka ndugu zetu Wakongo na Warundi waliopokelewa kama wakimbizi, wengine wamekaa kambini Kigoma tangu utoto na Kiswahili chao ni cha Nyarugusu. Mtu akifiwa tunachanga. Mtu akioa tunachanga. Mimi nilikuwa mweka hazina. Orodha inakwenda kwenye kundi la WhatsApp: namba, jina, kiasi, na alama ya tiki kwa aliyekamilisha. Kila anayetuma hela anainakili orodha upya akijiongeza, na kila mara majina yote yanapanda tena kwenye simu za watu wote. Ni desturi tuliyotoka nayo nyumbani na ina uzuri wake. Inaonyesha hesabu wazi, na ikifika zamu yako ya shida unajua waliokukimbilia ni nani.

Lakini orodha ina upande wa pili. Mama mmoja kutoka Bukavu, mwenye watoto watatu, aliacha kuja kwenye mikutano yetu. Nilidhani ni umbali. Siku moja akaja dukani kununua unga wa mahindi na dagaa, nikamuuliza kwa nini kapotea. Aliangalia nyuma kwanza kama kuna mtu.

"Niko na haya, dada," akasema. "Jina yangu iko na sifuri."

Nilijua anasema nini. Michango miwili mfululizo niliiandika mimi kwa kidole changu: jina lake, mstari, nafasi tupu. Sikumwandikia sifuri, niliacha wazi tu nikidhani ni ustaarabu. Yeye kila orodha ilipopanda aliiona nafasi ile tupu ikipanda nayo, mara 40, mara 50 kwa siku. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Tunalisema kila harusini, na mimi nilikuwa naendesha daftari linalosema kinyume chake. Nililia njiani kurudi nyumbani, na si kwa sababu ya korona.

Mwisho wa Februari 2022 mafuriko yakaikumba pwani ya mashariki. Mji wa Lismore, kaskazini mwa New South Wales, ndio uliopigwa vibaya zaidi. Mto ulipanda zaidi ya mita 14, juu ya rekodi zote za mji huo, na watu walitoboa dari wakakaa juu ya mapaa kusubiri mashua za majirani. Katika kundi letu mtu akaandika: na sisi tuchange, nchi hii imetupokea. Wote wakaitikia. Halafu mwenyekiti akaniandikia: mweka hazina, fungua orodha.

Sikuifungua. Niliandika kwamba safari hii hakuna orodha. Tutakutana Jumamosi ukumbini kwa chai na maandazi, kutakuwa na ndoo yenye mfuniko, kila mtu atatia alichonacho, tutahesabu pamoja mwisho na kutuma jumla kwenye mfuko wa wahanga. Kulikuwa na maneno. Mzee mmoja, namheshimu sana, alinipigia akaniambia mwanangu, watu wasipoonekana hawatoi. Nikamjibu, baba, tujaribu mara moja; ikishindikana nitarudi kwenye orodha na nitaomba radhi. Akakubali kwa shingo upande.

Nikalichukua lile kopo la samli. Zilikuwa 27.

Nilizipanga kwenye sahani karibu na mlango wa ukumbi, nikasema hizi ni za watoto. Kila mtoto achukue moja, akatie kwenye ndoo kwa mkono wake. Yule mama wa Bukavu alikuja. Nilikuwa nimempigia mwenyewe na kumwambia hakuna jina wala namba. Alikuja na wanawe wote watatu, na aliponyoosha mkono juu ya ndoo aliufunika kwa upande wa kitenge kama tunavyofanya sote pwani tukitoa kitu mbele za watu. Sijui alitia nini. Ninafurahi hadi leo kwamba sijui.

Watoto walipanga mstari. Sarafu zikawa zinalia ndani ya ndoo, na wengine walirudi mwisho wa mstari wakitaka kutia tena. Kitinda mimba wa yule mama, kama miaka sita hivi, alifika mbele ya ndoo, akafungua ngumi yake, akaitazama sarafu, akaifunga tena.

"Tia," dada yake akamwambia.

Akatikisa kichwa.

"Ni ya watu wa maji. Tia."

Machozi yakaanza kumlenga. Mama yake akainuka kitini, uso umemwiva kwa aibu, maana ni haya yaleyale yaliyomfukuza mikutanoni, na sasa yamekuja kwa mlango wa mwanawe. Nikachuchumaa mbele ya mtoto.

"Umeipenda?"

"Ndiyo, shangazi."

"Umependa nini?"

Akanionyesha kwa ukucha mdogo ile miviringo.

Nilikuwa na la kumwambia. Nilikuwa na mahubiri mazima ya shangazi. Lakini mimi, mtu mzima mwenye mshahara, nilikuwa nimeikalia sarafu kama hiyo miezi 16 kwa sababu hiyohiyo, na hakuna aliyesimama mbele yangu akanihesabia. Nikamwambia kaa nayo. Siku ukitaka kuitoa, utaijua mwenyewe. Mama yake akanitazama kama anayetaka kuomba radhi, nikamkamata mkono.

Tulipomaliza kuhesabu tulikuta dola 1,340. Kwa ukubwa wetu ni nyingi kuliko mchango wowote wa orodha tuliowahi kuufanya, ukiacha misiba miwili. Yule mzee wa shingo upande ndiye aliyesoma jumla. Aliisoma mara mbili, halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndoo hiyo itabaki kwangu au kwake.

Michango ya misiba bado tunaandika majina, kwa sababu mfiwa ana haki ya kujua. Lakini nafasi tupu haziandikwi tena. Aliyetoa anaonekana, asiyetoa hayumo kabisa, na hakuna anayeuliza.

Kuna swali watu huniuliza nikisimulia haya: sarafu itafaa nini wakati siku hizi kila mtu analipa kwa kadi? Ni swali zuri na linaniuma, maana naliona kaunta kila siku. Benki Kuu ya Australia huwapima watu jinsi wanavyolipa: mwaka 2007 malipo 69 kati ya 100 yalikuwa ya fedha taslimu, mwaka 2019 yakawa 27, mwaka 2022 yakashuka hadi 13. Kijisanduku chetu cha watoto wagonjwa kilikaa miezi mingi na sarafu zilezile chini kabisa, hadi wenye nacho wakakichukua. Sarafu ya kutoa imezaliwa wakati sarafu zenyewe zinaondoka mikononi mwa watu. Hilo linanihuzunisha, kwa kuwa mtoto hawezi kuipenda kadi.

Ila nimejifunza kwamba kisahani kinaweza kuhamia popote. Nilifungua akaunti ya pili benki, na nilipoulizwa niipe jina gani kwenye simu niliandika "Kisahani". Kila Alhamisi jioni, saa ileile mama aliyokuwa anakunja khanga, dola kumi zinahama zenyewe kutoka akaunti ya mshahara. Sizioni, siziamulii. Zikishahama si zangu. Mtu akiniomba au likitokea jambo, sifungui kesi. Naangalia kisahani kina ngapi. Kikiwa tupu namwambia leo sina, na namwambia bila kujisikia mwongo, kitu ambacho kabla ya hapo sikukiweza.

Na sarafu za kijani nikizikuta bado nazibadilisha. Hazikai tena koponi. Zinakaa mfuko wa koti wa kushoto, peke yao, na mtu wa kwanza anayestahili ninayekutana naye kati ya duka na stesheni ndiye mwenyewe.

Wiki kama sita baada ya siku ile ya ukumbini, yule mama wa Bukavu aliingia dukani karibu tunafunga. Unga kilo tano, kitunguu, mafuta chupa ndogo. Alilipa kwa sarafu, akizihesabu moja moja juu ya kaunta, na alipofika mwisho ilipungua dola moja. Akasita. Akaingiza mkono kifuani, akaitoa ile ya kijani, akaiweka juu ya nyingine bila kunitazama.

"Ni ya mutoto," akasema. "Nimemukopa. Nitamurudishia."

Niliishika. Kijani kilikuwa kimekwanguka upande mmoja, karibu robo nzima, hadi dhahabu inang'aa. Kwa wiki sita mtoto alikuwa ameisugua sakafuni, amelala nayo, ameipeleka shule mfukoni. Ilikuwa imechakaa kuliko nyingi nilizowahi kuziweka.

Bosi alikuwa anateremsha pazia la chuma. Nikaingiza mkono mfuko wa kulia, nikatoa dola yenye kangaruu, nikaitia kwenye droo pamoja na zake. Risiti ikatoka. Nikampa risiti, na chini ya risiti ile ya kijani.

"Mrudishie mwenyewe," nikamwambia. "Mwambie deni limelipwa."

Aliitazama, akanitazama. Halafu akaifunga kwenye pindo la kitenge, fundo mara mbili, akajitwika unga wake, akapita chini ya pazia lililokuwa limeshafika nusu.

Ilikuwa Alhamisi.